Karatasi ya Majibu Imrudie Mtoto: Barua ya Wazi kwa Madiwani wa Halmashauri ya Wilaya ya Kyela

Waheshimiwa Madiwani,

Kila mwaka Baraza lenu linapopitisha bajeti ya elimu, fedha huenda kwenye madarasa, madawati na matundu ya vyoo, na hilo halina mjadala. Barua hii inahusu watoto ambao darasa lao limejengwa, dawati lipo, jina liko kwenye rejesta, na wao wenyewe hawapo. Naomba muwatengee kifungu cha kusomea nyumbani: moduli zilizochapwa, vipindi vya redio, simu, na kituo chenye mwalimu wa kusahihisha. Na kwa kuwa siku hizi mtandao ukitajwa tu watu huanza kuwaza kununua vifaa, niseme mapema msimamo wangu. Masomo ya posta, kama haya ya mtandaoni, hayainuki wala hayaanguki kwa sababu ya chombo. Huinuka pale karatasi ya majibu inapomrudia mwanafunzi ikiwa imesahihishwa, kabla hajasahau aliandika nini. Isiporudi, huanguka. Mengine yote ninayoomba yanatokana na hilo.

Watoto wenyewe mnawajua, maana ni wa kata zenu. Kyela ni bonde la mito. Kiwira, Mbaka na Lufilyo hushuka kutoka milimani na kumwaga maji yake ziwani, na Songwe hututenga na Malawi huku ukihamahama mkondo. Masika yakikolea, hasa Aprili, majaruba ya mpunga na njia za miguu huwa maji matupu, na mtoto wa ng'ambo ya mto hukaa nyumbani mpaka yapungue. Upande wa mashariki iko Ikombe, kijiji cha Wakisi wafinyanzi kilichobanwa kati ya ziwa na milima ya Livingstone, ambako mtumbwi ndio basi. Wapo watoto wanaofuata wazazi kwenye madago ya uvuvi, leo ufukwe huu, mwezi ujao ule. Hapa kwetu Njisi, pale Kasumulu, kuna mpaka, na mpaka haukosi vibarua vya kumvuta kijana wa miaka 13 aache daftari akabebe mizigo ya watu. Yupo mwenye selimundu anayelazwa mara kwa mara. Yupo binti aliyejifungua. Tangu Novemba 2021 Serikali imemruhusu arudi shuleni, lakini ruhusa peke yake haimlelei mtoto mchanga saa mbili asubuhi.

Sisemi shule ibadilishwe. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inamtaka mzazi amwandikishe mtoto shule na ahakikishe anahudhuria, na Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, imeifanya elimu ya lazima kuwa ya miaka 10. Najua pia kwamba Dar es Salaam na Arusha zipo familia zenye uwezo zinazowasomesha watoto nyumbani kwa mitaala ya Uingereza au Marekani, kwa kozi zinazolipiwa kwa dola. Hao wana sababu zao na wana pesa zao, na barua hii haiwahusu. Namzungumzia mtoto ambaye kwake uchaguzi si kati ya darasa na nyumbani. Uchaguzi wake ni kati ya kusomea nyumbani na kutosoma kabisa.

Kusomea mbali na darasa si jambo geni kwa taifa hili, ingawa tunazungumza kama vile lilikuja na simu janja. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wanaokadiriwa kufikia milioni 2 kando ya redio, wakiwa katika vikundi, na kila kikundi kikiwa na kiongozi na kijitabu. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyopata sheria yake mwaka 1975, ilikuwa na masomo kwa njia ya posta ambayo watumishi wengi walijiendelezea. Na Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilipotaka kila mtoto aende shule ya msingi ndani ya muda mfupi, vyuo vya ualimu havikutosha. Vijana waliomaliza darasa la saba wakachukuliwa kwa makumi ya maelfu, wakafundishwa ualimu hukohuko vijijini: asubuhi wanafundisha, jioni wanasoma masomo ya posta na kusikiliza redio, na wakufunzi wanawapitia.

Najua atakayesimama kunikumbusha kejeli ya zamani, kwamba UPE, jina la mpango huo wa elimu ya msingi kwa wote, ni Ualimu Pasipo Elimu. Kejeli ile ilikuwa na ukweli wake. Lakini tuitazame vizuri. Mpango ule ulilegea pale mkufunzi alipokuwa na vijana wengi mno wa kuwapitia na usafiri wa shida, ukakaza pale alipofika. Kijana aliyetembelewa, akaonyeshwa kosa lake mbele ya ubao, akawa mwalimu. Aliyepelekewa makaratasi tu akabaki na makaratasi. Walioudhihaki mpango huo waliulaumu umbali. Kilichokosekana ni yule mtu wa kuuvuka.

Ushahidi mzito zaidi uko hatua chache kutoka hapa, ng'ambo ya daraja la Songwe. Malawi ilianzisha chuo chake cha elimu kwa posta katikati ya miaka ya 1960, baadaye kikaja kuitwa Chuo cha Elimu Masafa cha Malawi. Shule za sekondari zilikuwa chache na watoto waliokosa nafasi walikuwa wengi. Chuo kikachapa masomo, kikarusha vipindi vya redio, na kikafungua vituo ambako wanafunzi walikutana chini ya mwalimu msimamizi. Majibu yalipelekwa Blantyre kusahihishwa. Wanafunzi walipokuwa wachache, mfumo ulikwenda. Mwaka 1994 elimu ya msingi ikafanywa bure na idadi ya wanafunzi wa msingi ikaruka kutoka takriban milioni 1.9 hadi karibu milioni 3, na wimbi hilo likasukuma watu kuelekea sekondari ambazo hazikuwapo. Vituo vikaongezeka hadi vikawa na wanafunzi wengi kuliko sekondari za kawaida. Masomo yaliyochapwa yakaacha kufika kwa wakati. Majibu yaliyotumwa yakakaa. Mwalimu wa shule ya msingi, ambaye kazi yake ilikuwa kusimamia tu, akajikuta anafundisha fizikia ya sekondari bila kitabu. Matokeo ya mtihani wa taifa ya vituo hivyo yakawa mabaya mno, na mwishoni mwa miaka ya 1990 Serikali ikavigeuza kuwa sekondari za jamii za kutwa.

Wengi huisoma habari hiyo kama hukumu kwamba elimu ya posta haifai. Mimi naisoma tofauti. Wanafunzi walikuwapo, vituo vilikuwapo, redio ilikuwapo, na hakuna kilichobadilika katika akili za watoto wa Karonga, ng'ambo tu ya Songwe, kati ya mwaka 1970 na 1995. Kilichobadilika ni kwamba karatasi iliyokuwa ikienda na kurudi ilianza kwenda bila kurudi. Mtoto wa Karonga aliyepeleka zoezi lake Blantyre, upande wa pili wa nchi, ni kama alikuwa analitumbukiza kisimani. Tukiiga mfumo uleule leo, tukabadilisha bahasha kwa intaneti na kuacha usahihishaji ubaki Dodoma au Dar es Salaam kwa watu wachache wenye maelfu ya wanafunzi, tutaanguka vilevile, tena kwa gharama kubwa zaidi.

Penye mafanikio, utakuta mtu wa karibu. Australia ilifungua shule ya redio huko Alice Springs mwaka 1951 kwa watoto wa mashamba ya ng'ombe yaliyotengana mamia ya kilomita. Sifa ilipewa redio, lakini nyumbani kila mtoto alikuwa na mtu mzima wa kumsimamia, mara nyingi mama yake, na kazi zilikwenda kwa mwalimu na kurudi. Karibu zaidi, mkoani Tanga, kati ya mwisho wa 2017 na mwanzo wa 2019, shindano la kimataifa la XPRIZE liligawa vishikwambi kwa watoto karibu 3,000 katika vijiji 170. Wengi wao hawakuwa wamewahi kukanyaga darasa, na zaidi ya 9 kati ya kila 10 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 idadi ya wasioweza ilipungua kwa karibu nusu. Programu zilisifiwa, na zilistahili. Lakini vilevile kila kijiji kilikuwa na kituo cha kuchaji kwa sola, na mama wa hapohapo kijijini aliyekitunza. Kishikwambi kisichochajiwa ni ubao wa kukatia nyanya.

Ngoja nishuke kwenye zoezi lenyewe, maana mijadala ya elimu masafa hukaa juu juu mno. Chukua moduli ya Hisabati ya Kidato cha Kwanza, mada ya namba kamili. Mtoto yuko Ikombe, amesoma maelezo peke yake, amefika kwenye swali: -3 - (-5). Anaandika -8. Ameona alama za kutoa zimejaa, akajumlisha namba na kubakiza alama. Ni kosa la kawaida kabisa, na darasani lingechukua dakika mbili. Bahasha ikirudi baada ya siku saba, ikiwa na mstari mwekundu na sentensi moja ya kumwonyesha kwamba kuondoa deni la 5 ni kuongeza 5, jibu ni 2, anacheka na kuendelea. Bahasha ikirudi baada ya wiki sita, amekwisha kumaliza mada ya aljebra kwa kosa lilelile. Kila mlinganyo alioufanya umepotoka, na sasa wekundu umejaa ukurasa mzima. Mtoto huyo hataandika kwamba ameacha masomo. Ataacha tu kutuma.

Siku saba zinawezekana Ikombe? Zinawezekana, na wala hatuhitaji mnara mpya kwanza. Kila Jumamosi mitumbwi hubeba vyungu vya Wakisi kwenda sokoni Lyulilo, Matema. Bahasha ya majibu haina uzito wa chungu hata kimoja. Ikipelekwa Jumamosi hii kwa mwalimu msahihishaji aliyeko Matema, inarudi Jumamosi ijayo. Penye mtandao, mzazi au kaka mwenye simu janja anapiga picha ya ukurasa na kuituma kwa WhatsApp, mwalimu anajibu kwa sauti kwa Kiswahili cha kueleweka, na gharama yake ni sehemu ndogo ya bando la wiki. Mwenye kitochi anapigiwa. Vitabu vya kiada vipo bure kwenye Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, kwa hiyo mtu mmoja mwenye bando kituoni anaweza kupakua na kuchapa kwa ajili ya wengine. Na walimu wengi hawaanzi mikono mitupu: vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya mwaka 2022 viligawiwa kwao baada ya kazi ile.

Pingamizi kubwa nitakalolisikia kutoka kwenu ni la nidhamu. Mtasema kwamba tukihalalisha kusomea nyumbani, mzazi atapata kisingizio cha kumbakiza mtoto akavunje kakao, akafukuze ndege kwenye mpunga, akavute nyavu. Hofu hiyo naiheshimu, kwa sababu wazazi wa namna hiyo tunao. Lakini tazameni hali ilivyo sasa. Mtoto anayebaki shambani leo hana cha kumsuta mzazi wake isipokuwa alama ya utoro kwenye rejesta, na rejesta husomwa muhula ukiwa umekwisha. Mtoto aliyesajiliwa kituoni anatakiwa kuleta kazi kila wiki. Kazi mbili zisipofika mfululizo, mwalimu wa kituo anampigia mtendaji wa kijiji, na mtendaji anakwenda kugonga mlango ndani ya mwezi huohuo. Usajili wenyewe usiwe wa kujiamulia mzazi: upitie kwa mwalimu mkuu, uwe na sababu iliyoandikwa na tarehe ya kuangaliwa upya. Wa mafuriko arudi darasani maji yakipungua. Wa selimundu asome wodini na nyumbani kwa vipindi. Kwa utaratibu huo mzazi mkwepaji anabanwa zaidi kuliko sasa.

La pili, kwamba wazazi wetu hawana elimu ya kufundisha. Hakuna anayewataka wafundishe. Mzazi anaombwa saa moja na nusu ya utulivu na taa. Mama asiyejua aljebra anaweza kabisa kusema, “Nionyeshe ulichoandika leo,” na mtoto akajua kuna anayeangalia. Kuhusu watoto kukosa wenzao, hilo ni kweli, na ndiyo sababu kituo kiwe na siku moja ya kukutana kila baada ya wiki mbili kwa wanaoweza kufika. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kuanza kufundisha mwaka 1994 kinafundisha watu wazima, tena wenye ari, na bado kina vituo mikoani na kinawaita wanafunzi wafanye mitihani ana kwa ana. Kama mtu mzima anahitaji kuona uso wa mwalimu, mtoto anahitaji zaidi.

Walimu wamelemewa? Wamelemewa, na sitaki mwalimu wa zamu aongezewe rundo la bahasha bila malipo. Ila wilaya hii ina walimu wastaafu ambao kalamu nyekundu bado inawawasha mkononi, na ina vijana waliohitimu ualimu ambao wamekaa nyumbani miaka kadhaa wakifungua tovuti ya ajira kila wiki. Kuwalipa posho kwa kila kazi iliyosahihishwa na kurudishwa kwa wakati ni kazi yenye staha kwa wote wawili. Nasisitiza: ilipwe kwa kazi iliyorudi. Tukilipa kwa mwezi, tutarudi kulekule Blantyre.

Fedha zitoke wapi? Kyela ni wilaya ya kakao, na sheria inaiachia Halmashauri ushuru wa asilimia 3 wa thamani ya mazao ya biashara, unaolipwa na mnunuzi. Mwaka 2024 bei ya kakao katika soko la dunia ilivuka dola 10,000 kwa tani, kiwango ambacho hakikuwahi kufikiwa kabla. Bei kama hiyo haidumu siku zote, na ndiyo maana sipendekezi mjengo wala magari. Karatasi, wino, sola ndogo ya kituo, bando na posho za wasahihishaji ni matumizi ambayo bei ikishuka yanapungua bila kuacha gofu. Sehemu ya mapato hayo ikienda kwa mtoto ambaye mikono yake imo ndani ya kakao hiyohiyo, sioni mkulima wa chama chochote cha ushirika (AMCOS) atakayenung'unika.

Mwisho wa njia lazima uwe mtihani, la sivyo tutakuwa tumewapa watoto kazi ya kujifurahisha. Hapa Halmashauri haiwezi peke yake. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima tayari ina mpango wa sekondari kwa njia mbadala, ambao unabana miaka minne kuwa miwili, na ambao SEQUIP, mradi wa Serikali wa kuboresha sekondari, uliugharimia kwa wasichana waliokatishwa masomo. Baraza la Mitihani linawapokea watahiniwa wa kujitegemea, na asiyepita kwenye darasa rasmi huanza na Mtihani wa Maarifa. Milango ipo. Kinachotakiwa ni makubaliano ya maandishi kati ya Halmashauri na Taasisi, ili moduli zije kwa idadi ya waliosajiliwa, kituo cha kata kitambuliwe, na mtoto wa Njisi asilazimike kufunga safari ya Mbeya ili aulizie fomu. Masomo ya sayansi yana vitendo, na hayo hayafanyiki jikoni. Maabara za sekondari zetu zifunguliwe Jumamosi kwa ajili ya wanafunzi hawa.

Naomba mwanzo uwe mdogo: vituo viwili tu kwa mwaka wa kwanza. Kimoja Matema, kwa ajili ya Ikombe na madago. Kingine hapa Njisi, kwa ajili ya watoto wa mpakani na wa kando ya Songwe. Kipimo chake pia kiwe kimoja, na kisomwe mbele yenu katika kila kikao cha robo mwaka: kazi ngapi zilipokelewa, na ngapi zilirudi kwa mtoto ndani ya siku saba. Msikubali kusomewa idadi ya vishikwambi wala ya waliohudhuria uzinduzi. Kama baada ya mwaka kazi nyingi zitakuwa hazirudi kwa wakati, fungeni vituo hivyo, na nitakuwa wa kwanza kukubali. Kama zinarudi, ongezeni kata nyingine kabla ya masika yanayofuata. Diwani wetu nimempelekea nakala ya barua hii, na namwomba ailete hoja hii Barazani kabla bajeti ijayo haijafungwa.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mkazi wa Njisi, Kyela